Mapacha wangu wanafanana kwa kila kitu, mbona mmoja tu ndiye mwenye mzio wa chavua?

"Assalaam aleikum daktari. Tunaishi Malindi, upande wa kuelekea Gede. Nyuma ya nyumba kuna shamba la mivinje, mbele kuna kiwanja cha mpira. Nina wavulana mapacha wa kufanana, wana miaka 9. Kurwa kila masika yakikatika huanza chafya, pua kuchuruzika, macho kuwasha mpaka anayafikicha usingizini. Huendelea hivyo hadi Agosti, kisha hupoa, halafu hurudi tena baada ya vuli. Doto hana lolote, na wanalala chumba kimoja. Mimi mwenyewe nina mafua yasiyokwisha tangu usichana, na mume wangu alikuwa na pumu utotoni. Mimi na yeye ni binamu, baba zetu ni ndugu. Mavyaa anasema haya ni maradhi ya ukoo na hayana dawa. Jirani anasema nikate bogenvilia. Nimeona pia mtandaoni kipimo cha DNA cha mate ambacho wanasema kinaonyesha mtoto ana mzio wa kitu gani. Nikinunue? Na nina mimba ya miezi mitano. Huyu naye atazaliwa nao?"

Waaleikum salaam dada, na pole kwa kuuguza. Nikikuelewa vizuri, kinachokukera zaidi ya chafya zenyewe ni hilo neno "ukoo". Kama ugonjwa umo katika damu yenu, mbona doto kaachwa? Na kama haumo, mbona umewapitia wewe na baba yao?

Mavyaa ana nusu ya ukweli. Kwamba mzio huandamana na familia limejulikana tangu 1916, pale Robert Cooke na Albert Vander Veer wa New York walipochapisha hesabu za koo za wagonjwa wao. Lakini mtoto harithi mzio wa nyasi, wala wa mvinje, wala wa vumbi. Anarithi wepesi wa kinga yake kukiona kitu kisicho na madhara kuwa ni adui. Wepesi huo ukishakuwepo, mahali utakapojitokeza ni jambo jingine: kwako pua, kwa mumeo kifua, kwa mtoto mwingine ngozi yenye ukurutu. Kwa hiyo pumu ya mumeo na mafua yako yasiyokwisha huenda ni tabia ileile katika viungo viwili tofauti. Ama "hayana dawa", hapo kwa heshima zote sikubaliani naye, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuone kinachotokea puani. Chembe ya chavua ya nyasi ina upana wa maikromita 20 hadi 40 hivi, jicho haliioni ikiwa moja peke yake. Ikitua kwenye utando wa pua hunywa unyevu, na ndani ya dakika chache huachia protini zake. Seli za kinga zilizo katika utando huo huzimeza protini hizo, huzikatakata, kisha huvionyesha vipande vyake kwa seli nyingine ziitwazo seli T. Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Kwa mwenye wepesi wa mzio, seli T hutoa kemikali za kupashana habari, hasa interlukini 4 na interlukini 13, na hizo huziamrisha seli B zitengeneze kingamwili ya aina ya IgE dhidi ya protini ya chavua. IgE hiyo huenda kujibandika juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta chafya na muwasho, ikakaa hapo ikisubiri.

Mpaka hapo mtoto hajapiga chafya hata moja. Hatua hii ya maandalizi haina dalili, na mara nyingi huhitaji misimu kadhaa ya kuvuta chavua ileile. Ndiyo maana mzio wa chavua ni nadra kwa mtoto mchanga na huonekana zaidi kuanzia miaka mitatu, minne na kuendelea. Msimu utakaofuata, protini ile ikirudi na kukamata IgE mbili zilizo jirani juu ya seli moja, seli hupasua mzigo wake: chafya na muwasho ndani ya dakika chache. Saa 4 hadi 8 baadaye huja wimbi la pili, la uvimbe na kuziba. Mtoto aliyecheza kiwanjani saa kumi alasiri na kulala akipumulia mdomo yuko katika wimbi hilo la pili.

Sasa jeni zinaingia wapi? Karibu kila hatua niliyoitaja ina jeni inayoisimamia, na jeni hizo hutofautiana kidogo baina ya watu. Ile mikono midogo inayoonyesha vipande vya protini kwa seli T huitwa HLA, na jeni zake zimo katika kromosomu ya 6. Zinatofautiana mno kati ya mtu na mtu, na kila umbo hushika vipande vya aina yake. Mwaka 1982 David Marsh na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wanaotengeneza kingamwili dhidi ya protini moja ndogo ya gugu la ambrosia karibu wote walikuwa na aina moja ya HLA. Ni mojawapo ya mifano michache ambapo jeni moja na protini moja ya chavua vinafungamana waziwazi hivyo. Lakini angalia upande wa pili: wengi waliokuwa na aina hiyo ya HLA hawakuwa na tatizo lolote na ambrosia. Jeni iliruhusu tu, haikulazimisha.

Jeni za interlukini 4 na 13 zimekaa jirani katika kromosomu ya 5. Ile iitwayo STAT6, inayopokea amri zao ndani ya seli, imo katika ya 12. Kishikizo ambacho IgE hujibandikia kina jeni katika ya 1, na mabadiliko yake huathiri kiasi cha IgE kinachozunguka mwilini. Nyingine hushughulikia ukuta wenyewe: filagrini ni protini inayoikaza ngozi, na asiyekuwa nayo ya kutosha ngozi yake ni kama paa la makuti yaliyosukwa haba, haliporomoki lakini linavuja, na vinavyopita ndani huiamsha kinga. Uhusiano wa filagrini na ukurutu ulithibitishwa mwaka 2006, ila mabadiliko mawili ya jeni yake yanayoongoza Ulaya ni nadra kwetu Afrika, kwa hiyo usikubali mtu akuambie mtoto wako "ana filagrini mbovu" kwa kusoma majedwali ya Ulaya.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wa wagonjwa karibu 60,000 wenye asili ya Ulaya, ulikuta sehemu 41 za vinasaba zinazohusiana na mzio wa pua. Kila moja huongeza au kupunguza uwezekano kidogo tu. Hakuna "jeni ya mzio wa chavua". Kuna nyingi, kila moja ikisukuma taratibu, na mtoto huchota mchanganyiko wake kutoka pande zote mbili.

Hapo ndipo linapojibiwa suala la ubinamu, ambalo naona umeliandika kwa wasiwasi. Ndoa ya binamu huongeza hatari kwa maradhi yale yanayohitaji nakala mbili mbovu za jeni moja, moja ya baba na moja ya mama. Mzio wa chavua hauendi hivyo. Mngekuwa si ndugu lakini nyote wawili mna mzio, hali ingekuwa karibu ileile. Kilichowaongezea watoto uwezekano ni kwamba wazazi wote wawili mna tabia hiyo, basi. Kuna hali moja ningependa uijue: yapo magonjwa adimu ya kinga, ya nakala mbili, ambayo hujivika sura ya mzio. Mtoto huwa na ukurutu mkali tangu uchanga pamoja na majipu yanayojirudia, nimonia mara kwa mara, chunjua nyingi au utando mweupe mdomoni usioisha. Kwa uliyoyaandika, kurwa hayuko karibu na huko. Ningeshuku hivyo kwa mtoto mwenye dalili hizo, nisingeshuku kwa mtoto anayepiga chafya Julai.

Na doto? Mapacha wa kufanana wana DNA moja, na kama jeni zingekuwa ndizo zinazoamua peke yake, wangepiga chafya pamoja. Tafiti za mapacha zimeonyesha tena na tena kwamba mapacha wa kufanana hushabihiana katika mzio kuliko mapacha wasiofanana, jambo linalothibitisha urithi, lakini pia kwamba mara nyingi mmoja huwa nao na mwenziwe hana. Sababu moja ni ya ndani kabisa ya mwili na watu wengi hawaijui: seli T na seli B hutengeneza vipokezi vyao kwa kukata na kuunga upya vipande vya jeni kwa bahati nasibu. Susumu Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuligundua hilo upande wa kingamwili. Maana yake, hata mapacha wa yai moja hawana jeshi moja la kinga. Kurwa huenda alipata seli chache zinazoshika protini ya nyasi vizuri, doto hakubahatika, au niseme alibahatika kutozipata.

Sababu nyingine ziko nje: nani aliugua kifua akiwa mchanga, nani alipewa antibiotiki zaidi, nani ni kipa anayegaagaa kwenye majani na nani ni mshambuliaji. Uzito wa mazingira unaonekana wazi huko Karelia, jimbo lililogawanywa na mpaka wa Finland na Urusi. Watu wa pande zote mbili wana asili ya karibu sana, lakini mzio wa chavua upande wa Finland ni mwingi mno kuliko upande wa Urusi, ambako maisha yalibaki ya kijijini na ya mifugo. Jeni hazibadiliki kwa kuvuka mpaka. Kwa hiyo pia usimwandike doto kuwa amesalimika moja kwa moja. Ana wepesi uleule, na mzio unaweza kujitokeza akiwa na miaka 15 au 25. Hakuna sababu ya kumpa dawa wala kumzuia chochote sasa. Mwangalie tu.

Tuje kwenye bogenvilia. Usiikate kwa sababu hiyo. Ua lenye rangi kali limeumbwa kuvuta wadudu, na chavua yake ni nzito na ya kunata, haisafiri na upepo. Wenye kusumbua pua ni mimea isiyo na uzuri wowote, ile inayotegemea upepo na kwa hiyo inamwaga chavua kavu, nyepesi, kwa wingi. Nyasi ni za kwanza. Mvinje nao hutegemea upepo, na wako watu waliothibitika kuwa na mzio wake, kwa hiyo siwezi kuuondoa kwenye orodha. Mathenge, ambao ulipandwa Bamburi miaka ya 1970 na sasa umejaa mabonde ya huko Tana, unajulikana sana kwa mzio katika nchi kavu kama India na zile za Ghuba. Mahindi yana chavua kubwa inayoanguka karibu na shamba lenyewe. Mwembe ukichanua husumbua wengi, ila mara nyingi ni harufu kali inayochokoza pua, pasipo IgE yoyote.

Mshukiwa wangu mkuu kwa maelezo yako ni ukoka wa kiwanja cha mpira. Ukoka huchipua na mvua na kuchanua wiki chache baadaye, na dalili za mwanao zinafuata kalenda hiyohiyo: masika yakikatika, kisha baada ya vuli. Nenda kiwanjani asubuhi, wewe na si yeye, ukautazame kwa karibu. Ukoka uliochanua una kikonyo chembamba chenye vidole 3 hadi 7 vilivyotokea pamoja juu, na kwenye vidole hivyo utaona vijifuko vidogo vya njano au zambarau vikining'inia. Vikung'ute juu ya kitambaa cheusi. Ukiona unga wa njano, umeipata chavua yenyewe. Ukiona vidole vimekauka na vijifuko vimepukutika, nyasi hizo zimeshamaliza kazi.

Kuhusu mivinje, shamba hilo si lako na fito zake ni fedha za mtu. Hata ungeweza kukata michache, chavua ya upepo husafiri mbali. Kinachofanya kazi ni kuwaomba wanaotunza kiwanja wafyeke ukoka kabla haujatoa vidole, kila wiki mbili katika kipindi cha mvua na baada yake, siku ambayo mwanao hayupo. Kufyeka nyasi zilizokwisha kuchanua huku watoto wamesimama pembeni ni kuwarushia usoni. Akirudi kutoka mpirani aoge mwili na nywele kabla ya kupanda kitandani, nguo za mpira zisiingie chumbani, na foronya zake zianikwe ndani siku za upepo mkali. Alfajiri umande, yaani ule upepo wa nchi kavu, unapovuma kutoka bara kwenda baharini huja na chavua ya mashamba. Upepo wa bahari wa mchana huwa msafi zaidi. Dirisha la upande wa shamba lifunguliwe mchana, lifungwe usiku.

Kabla hatujafunga kesi ya nyasi, kuna mshukiwa mwingine ambaye pwani hii yenye unyevu hakosekani: utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana vinavyoishi ndani ya magodoro, mito ya sufi na mazulia. Huyu hana msimu, ingawa unyevu wa mvua humzidisha. Dalili zake huwa kali mtu anapoamka na anapotandika kitanda. Za chavua huzidi nje, siku za upepo, na macho huwasha sana. Mafua yako wewe yasiyokwisha mwaka mzima yananielekeza zaidi kwa utitiri kuliko kwa chavua. Chukua daftari, na kwa wiki nne uandike kila siku kwa kurwa: chafya asubuhi, chafya jioni, macho, alicheza wapi, upepo na mvua. Daftari hilo lina thamani kuliko vipimo vingi vinavyouzwa.

Ikiwemo kile cha mate. Usikinunue. Kipimo cha DNA kinaweza kusoma herufi za vinasaba kwa usahihi mkubwa na bado kisijue lolote kuhusu mzio wa mwanao, kwa sababu mzio ni IgE iliyokwisha kutengenezwa, na IgE haimo kwenye herufi hizo. Mfano hai unao nyumbani: ukiwapima kurwa na doto, majibu yatakuwa yaleyale, kwa mtoto mgonjwa na mtoto mzima. Juu ya hapo, alama za hatari wanazotumia wauzaji zimejengwa zaidi kwa takwimu za watu wa Ulaya, na zikiletwa Afrika hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kubashiri. Sisi wa pwani ndiyo kabisa. Uchunguzi wa DNA ya kale uliochapishwa mwaka 2023, wa mabaki ya watu 80 wakiwemo wa Manda na Faza huko Lamu, ulionyesha mchanganyiko wa asili za Kiafrika na za Asia, hasa Uajemi, uliokwisha kuanza kama miaka elfu moja iliyopita. Mchanganyiko huo haumo katika majedwali yao.

Kipimo chenye maana ni cha kuchoma ngozi. Tone la dondoo la chavua huwekwa kwenye mkono, ngozi hutobolewa juujuu, na baada ya dakika 15 hadi 20 husomwa. Uvimbe uliozidi ule wa tone la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ni jibu chanya. Anayeshindwa kufanya hicho anaweza kupimwa IgE mahususi katika damu. Lakini uliza kabla ya kulipa: mna dondoo gani? Seti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya na zina mti wa birch na nyasi ya timothy. Ukoka wetu ni wa ukoo mwingine wa nyasi, na protini zake hazilingani sana na za timothy, kwa hiyo mtoto mwenye mzio wa ukoka anaweza kutoka na jibu la "hana mzio wa nyasi". Seti inayofaa hapa iwe na ukoka, utitiri wa aina mbili (Dermatophagoides na Blomia), mende na kuvu. Na usikubali kupimiwa IgE ya jumla peke yake. Minyoo na kichocho huipandisha juu sana, na kwa mtoto wa pwani namba kubwa inaweza kuwa habari ya tumbo na si ya pua. Jibu chanya lisiloendana na daftari lako pia halina uzito, kwani wako watu wengi wenye IgE dhidi ya chavua ambao hawapigi chafya.

Matibabu hayasubiri kipimo. Anza na kumwosha pua. Chemsha lita moja ya maji yatokote kwa dakika moja nzima, yaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa, tia vijiko vya chai moja na nusu, vya kusawazisha, vya chumvi safi ya mezani. Maji ya kisima, hata yakiwa na ladha ya chumvi, usiyatumie bila kuchemsha, kwani kuna vijidudu visivyodhuru tumboni lakini vya hatari vikipandishwa puani. Chumvi ya mabonge isiyosafishwa iache. Mtoto ainame juu ya beseni, afungue mdomo, umpulizie taratibu kwa chupa laini, kiasi cha nusu kikombe kila upande, jioni baada ya mpira. Ikichoma sana, chumvi imezidi au imepungua. Maji yaliyobaki yamwage kesho yake na chupa uioshe.

Dawa kuu ni ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama flutikasoni au mometasoni. Kwa umri wake kipimo cha kawaida ni pulizo moja kila tundu mara moja kwa siku, na daktari ndiye atakayeiandika. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi, na kweli haitakuwa imefanya: nguvu yake kamili huja baada ya wiki moja hadi mbili za kila siku. Kwa hiyo ianzwe wiki mbili kabla ya msimu wake, masika yakiwa bado yananyesha. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, mkono wa kulia upulizie tundu la kushoto na wa kushoto la kulia, ncha ielekee upande wa sikio. Ukipulizia ukuta wa katikati ya pua damu itatoka. Asivute kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni. Ni steroidi, ndiyo, lakini kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Kwa mtoto anayeitumia miezi mingi daktari atampima urefu mara kwa mara, na inatosha.

Siku za chafya nyingi, setirizini au loratadini husaidia. Kwa miaka 9 setirizini kwa kawaida ni miligramu 5, na daktari anaweza kuipandisha hadi 10 kwa siku. Zile tembe za njano za klorofeniramini zinazouzwa kila duka hupoza chafya lakini humlaza mtoto darasani, na baba mwenye kuendesha bodaboda au kushika usukani wa mashua asizitumie kazini. Matone ya kufungua pua papo hapo yasizidi siku 3 hadi 5. Ukizidisha pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Na sindano ya "kuondoa aleji mwaka mzima" wanayopiga baadhi ya kliniki ni steroidi ya kukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Inanyamazisha dalili, kweli, na pia inazubaisha tezi za mwili, inapandisha sukari na inaweza kudumaza mtoto. Usikubali.

Kuna pia tiba ya kuizoesha kinga, kwa kumpa mgonjwa dondoo ya chavua kidogo kidogo kwa sindano au chini ya ulimi. Ilianza London mwaka 1911 na ndiyo pekee inayobadilisha mwenendo wa mzio wenyewe, lakini huchukua miaka mitatu, ni ghali, lazima ilenge chavua sahihi, na si huduma utakayoikuta kila hospitali. Kwa kurwa nisingeifikiria kabla ya kumaliza msimu mmoja kwa dawa ya puani iliyotumiwa ipasavyo.

Huyo aliye tumboni hatazaliwa na mzio wa chavua. Atazaliwa na uwezekano. Mzazi mmoja akiwa na mzio uwezekano wa mtoto hukadiriwa kuwa theluthi moja hivi, na wote wawili wakiwa nao, nusu au zaidi, kwa aina yoyote ya mzio. Usijinyime samaki, mayai wala maziwa ukidhani unamkinga. Haijathibitika kusaidia na wewe unahitaji lishe. Kinachosaidia ni hewa: sigara isiwashwe ndani, jiko la mkaa liwe nje, na chetezo cha ubani na udi kikae sebuleni penye upepo, kisiingie chumba cha mtoto mchanga wala cha kurwa. Kwa mafua yako mwenyewe wakati huu, kuosha pua ni salama kabisa. Dawa yoyote nyingine, hata ile unayopewa bila karatasi, mwambie kwanza mkunga au daktari wa kliniki yako.

Mpeleke kurwa kwa daktari mapema, bila kungoja msimu uishe, ukisikia kifua kinapiga mluzi, akikohoa usiku, au akichoka mpirani kuliko doto. Pua na kifua ni njia moja, na kwa historia ya baba yake pumu lazima itafutwe. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, mbavu zikibonyea ndani au midomo ikigeuka rangi, hiyo ni hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Pua iliyoziba upande mmoja tu, yenye usaha wa kunuka, mara nyingi ina kitu kilichoingizwa ndani.

Macho nayo yaangaliwe na mtaalamu wa macho, hasa kwa mvulana wa umri huu. Kuna mzio mkali wa macho unaowapata sana wavulana wa nchi za joto: ute mzito wa kunyooka kama uzi, weupe wa jicho kugeuka kahawia, kuogopa mwanga. Ukiachwa huharibu kioo cha jicho, na ukitibiwa kwa matone ya steroidi ya kununua dukani bila kupimwa unaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Kwa muwasho wa kawaida, kitambaa cha maji baridi kwa dakika tano na matone ya ketotifeni au olopatadini yanatosha.

Siku ya kwenda kupimwa ngozi, beba daftari lako na majina ya dawa zote alizotumia, na setirizini au loratadini iwe imesimamishwa siku 7 kabla, la sivyo mkono hautavimba kwa chochote na mtarudishwa nyumbani bila jibu. Dawa ya kupuliza puani aendelee nayo, haiharibu kipimo.